Afya ya Nyumba: Je, Ipo Dawa ya Kuotesha Nywele?



Juma hili tunaanza kwa kulipa deni. Miezi kadhaa iliyopita, katika safu hii hii, tuliandika juu ya mafuta ya nazi na mafuta ya habasoda, tukayasifu kwa jinsi yanavyolainisha nywele na kuzuia zisikatike. Hayo tuliyasema kwa haki. Lakini tuliongeza sentensi moja kwamba mafuta hayo huotesha nywele zilizokwisha kuanguka, na sentensi ile hatukuipima kabla ya kuiandika. Sasa tumepata barua ya mama mmoja aliyeisoma na kuiamini. Kwa idhini yake tunaieleza, bila ya kutaja jina lake wala mtaa wake.

Binti yake ana miaka 11. Siku moja akimchana, mama aliona nyuma ya kichwa duara tupu, laini, kubwa kiasi cha shilingi ishirini. Hapakuwa na kidonda wala ukurutu. Alimpaka mafuta tuliyoyasifu, asubuhi na jioni, kwa muda wa miezi mitano. Katika miezi hiyo duara la pili lilitokea juu ya sikio, na la tatu karibu na utosi. Mtoto alianza kulala na mtandio. Kisha akakataa kwenda chuoni, kwa sababu wenzake walimvuta ushungi ili waone. Hatimaye alipelekwa kwa daktari wa ngozi, akaambiwa jina la maradhi. Sasa mpwa wa mama huyo aliyeko Dubai ametuma habari kwamba vimetoka vidonge vipya vya kuotesha nywele. Mama anatuuliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, auze bangili zake za dhahabu avinunue?

Dada yetu, swali lako ni zito, nasi tuna sehemu yetu katika uzito wake. Tunakuomba radhi. Tutakujibu hatua kwa hatua, na wengine wenye shida kama yako au tofauti na yako wasome pamoja nawe.

Kwanza tujue nywele zenyewe zinavyoishi. Kichwa cha mwanadamu kina takriban nywele 100,000, na kila unywele huota ndani ya kifuko kidogo kilichomo katika ngozi. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Kisha kifuko hupumzika kwa muda wa miezi kama mitatu, unywele ukaanguka, na mwingine ukachipuka mahali pale pale. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele baina ya 50 na 100 kila siku, wala si maradhi. Maradhi ni pale vifuko vinapopumzika vyote kwa pamoja, au vinaposinyaa, au vinaposhambuliwa, au vinapokufa. Hali hizi nne hazina dawa moja, na hapo ndipo wengi wetu hupoteza fedha: tunatafuta dawa kabla ya kutafuta sababu.

Mama aliyejifungua hupoteza nywele nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne baada ya kuzaa. Wakati wa mimba homoni zilizizuia nywele zisianguke kwa zamu zake. Mimba ikishatoka, zote zilizochelewa huanguka kwa mkupuo. Wengi hudhani ni kijicho cha waliokuja kumtazama mwana. Dua ni silaha yetu na hatuiachi, lakini ajue pia kwamba nywele hizo kwa kawaida hurudi zenyewe kabla ya mwaka kutimia, na kwamba anachohitaji zaidi ni chakula kizuri na kupimwa damu kama ana dalili za upungufu.

Binti anayesukwa kwa kukazwa sana, au anayefunga nywele kwa mkazo kila siku chini ya mtandio, huanza kupoteza nywele za kwenye paji na pembeni mwa uso. Akiacha mapema, hurudi. Akiendelea kwa miaka, ngozi hupata kovu na vifuko hufa, na kifuko kilichokufa hakifufuliwi na dawa yoyote ya kupaka. Wasusi wetu watusaidie katika hili: kichwa kinachouma baada ya kusukwa kimekazwa kupita kiasi.

Mtoto mwenye mabaka yenye magamba, yanayowasha, na nywele zilizokatika kama makapi, mara nyingi ana mapunye. Hayo ni maradhi ya kuvu, na huambukiza kwa kitana, kofia na mto. Kuvu huingia ndani ya unywele wenyewe, kwa hiyo krimu ya kupaka peke yake haimalizi kazi. Hutakiwa vidonge, kama vile griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha daktari. Ni dawa ya siku nyingi, iliyotokana na aina ya ukungu wa jamii moja na ule uliotupa penisilini.

Binti wa mama yetu hana lolote katika hayo. Maradhi yake Waarabu huyaita thaalaba, kutokana na jina la mbweha, kwa kuwa mnyama huyo hunyonyoka manyoya kwa mabaka. Wagiriki wa kale nao waliyaita kwa jina la mbweha, na tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza maradhi ya jina hilo katika kitabu chake cha utabibu. Hayaambukizi. Hayatokani na uchafu, wala na kosa la mama, wala na kosa la mtoto. Askari wa mwili, wale wanaotulinda na vijidudu, huvikosea vifuko vya nywele wakavidhania ni adui, wakavizingira. Jambo la kutia moyo ni kwamba vifuko hivyo haviuawi, vimezingirwa tu. Ndiyo maana nywele zaweza kurudi hata baada ya muda mrefu, na ndiyo maana wengi wenye mabaka machache hurudishiwa nywele zao bila ya dawa kubwa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja.

Sasa tuje kwenye dawa. Zipo, na habari za kupatikana kwake zinafaa kujulikana, kwa kuwa zinaonyesha kila moja ina kazi gani na mpaka wake ni upi.

Ya kwanza ni minoksidili. Kampuni ya Upjohn ya Michigan, Marekani, haikuwa ikitafuta dawa ya nywele. Ilikuwa ikitafuta dawa ya shinikizo la damu. Mapema katika miaka ya 1970, madaktari wa Chuo Kikuu cha Colorado waliokuwa wakiijaribu kwa wagonjwa waliona ajabu: wagonjwa waliota nywele usoni na mikononi. Daktari wa ngozi Guinter Kahn na mwenziwe Paul Grant waliichukua dawa ile wakaanza kuijaribu kwa kuipaka juu ya ngozi. Mwaka 1979 vidonge vyake viliruhusiwa Marekani kwa shinikizo kali la damu, na mwaka 1988 maji yake ya kupaka yakaruhusiwa kwa upara wa wanaume. Kampuni ilitaka kuyaita kwa jina lenye maana ya "kurudisha". Wakuu wa dawa wa Marekani walikataa, kwa kuwa jina hilo liliahidi zaidi ya uwezo wa dawa. Ndipo yakaitwa Rogaine.

Katazo hilo la jina lina funzo. Minoksidili hurefusha muda wa unywele kukua na hunenepesha vifuko vilivyosinyaa. Haimfai kila mtu. Anayefaidika husubiri miezi minne au zaidi kabla ya kuona kitu, na katika wiki za mwanzo huenda nywele zikaanguka zaidi, kwa sababu zile kuukuu hutoka kuzipisha mpya. Akiacha kupaka, baada ya miezi michache hurudi alikokuwa. Kwa hiyo anayeianza ajue anaanza ahadi ya muda mrefu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie bila ya daktari. Anayeipaka aoshe mikono yake, na asimlaze mtoto mchanga juu ya mto wake. Mwaka 2019 nchini Uhispania, watoto wachanga zaidi ya kumi waliota nywele mwili mzima baada ya kupewa dawa ya tumbo. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba minoksidili ilikuwa imeingia kimakosa katika vyombo vya dawa ile. Walipoachishwa, nywele zilipungua. Ikiwa kosa la lebo laweza kutokea katika nchi yenye ukaguzi mkali, itakuwaje kwa chupa isiyo na lebo kabisa inayouzwa juu ya meza sokoni?

Wapo waliotuuliza juu ya udhu. Aliyeagizwa kupaka mara mbili kwa siku aweza kupaka baada ya Alfajiri na baada ya Isha, ili dawa ipate saa za kutosha kukauka na kuingia kabla ya kupaka maji kichwani. Maji ya dawa hii huchanganywa na spiriti. Mwenye wasiwasi juu ya hilo amuulize sheikh wake, nasi hatutoi fatwa katika safu ya afya.

Dawa ya pili ni finasteridi, nayo ni ya wanaume. Mwaka 1942 mwanachuoni wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba upara wa kurithi huhitaji homoni ya kiume: waliokosa homoni hiyo tangu utotoni hawakupata upara, hata kama baba zao walikuwa nao. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walichapisha uchunguzi wa koo fulani za Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya wanaume walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoigeuza homoni ya kiume kuwa kali zaidi. Wanaume wale walipokua hawakuota upara, na tezi yao ya kibofu ilibakia ndogo. Wanasayansi wa kampuni ya Merck walijiuliza: je, twaweza kukizuia kimeng'enya hicho kwa kidonge? Mwaka 1992 kidonge kiliruhusiwa kwa tezi iliyovimba, na mwaka 1997, kwa kipimo kidogo cha miligramu 1, kikaruhusiwa kwa upara wa wanaume.

Wenye nyumba washike maneno mawili hapa. Mwanamke mjamzito asishike vidonge hivi vilivyovunjika, kwa kuwa dawa yaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni. Na mume anayevimeza ajue kwamba wachache hupatwa na udhaifu wa matamanio au huzuni. Yakimpata asione haya, arudi kwa daktari. Kijana anayekaribia ndoa na kuvimeza kwa siri, kwa kuogopa mchumba ataona utosi wake, anajitwika jambo ambalo angelizungumza kwa dakika tano.

Sasa vidonge alivyovisikia mpwa wa Dubai. Ni kweli vipo, na ni vya maradhi ya binti huyu hasa. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mtaalamu Angela Christiano, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kupatwa na thaalaba, pamoja na wenzake, walitafuta ni ishara gani inayowaita askari wa mwili wavizingire vifuko. Mwaka 2014 walichapisha kwamba wameipata njia ya ishara hiyo, na kwamba tayari zilikuwapo dawa za kuifunga, zikitumika kwa maradhi mengine. Mwaka huo huo madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza habari za kijana wa miaka 25, aliyekuwa amepoteza takriban nywele zote za mwili, ambaye alipopewa dawa ya namna hiyo alizirudisha.

Kutoka hapo majaribio makubwa yakafuata. Barisitinibu ilijaribiwa kwa watu wazima 1,200 waliopoteza nusu ya nywele za kichwa au zaidi. Baada ya wiki 36, kati ya kila watu 100 waliomeza miligramu 4 kwa siku, zaidi ya 35 walikuwa na nywele katika asilimia 80 ya kichwa au zaidi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, waliofikia hapo hawakuzidi 7. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani kwa watu wazima mwezi Juni 2022. Mwaka uliofuata, Juni 2023, iliruhusiwa nyingine, ritlesitinibu, kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Katika jaribio lake, baada ya wiki 24, waliofikia kiwango kile walikuwa 23 kati ya 100, na kwa kidonge kitupu 2.

Ni neema kubwa kwa waliokuwa hawana tumaini. Lakini dada yetu azisome tarakimu hizo kwa pande zote mbili. Katika jaribio la kwanza, zaidi ya nusu hawakufika. Waliojaribiwa ni wenye maradhi makali, si wenye mabaka matatu. Dawa hizi huwapunguzia nguvu askari wa mwili, kwa hiyo huja na onyo kali: maambukizo makubwa, ikiwemo kifua kikuu ambacho kwetu bado kipo, damu kuganda, na baadhi ya saratani. Anayezitumia hupimwa kifua kikuu kabla ya kuanza, na damu yake hupimwa kila baada ya muda. Anayeziacha, mara nyingi nywele huanguka tena. Na bei yake huko Marekani ni maelfu ya dola kwa kila mwezi mmoja. Bangili hazingemaliza safari hiyo. Zingenunua mwanzo wake tu, kisha nywele zikaota na zikaondoka, na dhahabu isiwepo.

Basi jibu letu ni hili. Usiuze bangili. Binti yako hajafikia umri ambao dawa hiyo iliruhusiwa, na maradhi yake hayajafikia ukali ambao dawa hiyo ilikusudiwa. Mrudishe kwa daktari yule yule wa ngozi, umuulize mambo matatu: je, mabaka yanahitaji krimu ya steroidi ya kupaka kwa muda maalumu? Je, minoksidili yaweza kuongezwa katika umri huu? Na ni dalili gani zikitokea turudi haraka? Dawa ya steroidi ni nzuri mkononi mwa anayeijua. Usikubali krimu unayopunguziwa katika kikopo kisicho na jina, kwani nyingi za namna hiyo zina steroidi kali iliyofichwa, na hukondesha ngozi. Dawa yoyote unayoinunua, itoke katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, iwe na lebo na tarehe. Kila mwezi piga picha ya mabaka penye mwanga ule ule, ili umwonyeshe daktari badala ya kutegemea kumbukumbu. Mafuta ya nazi endelea nayo kama unayapenda, kwa ulaini wake tu. Na mpwa wako umshukuru kwa mapenzi yake, umwombe asitume vidonge kwa msafiri.

Yupo atakayeuliza kama kutafuta nywele zilizoondoka si kubadilisha maumbile. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitofautisha baina ya kurudisha kilichopotea kwa maradhi na kubadilisha umbo kwa matamanio; kurudisha likaliruhusu, na kupandikiza nywele zilizoanguka likakutaja humo. Kuunganisha nywele za watu wengine ni mlango mwingine, wenye makatazo yake yanayojulikana.

Limebakia moja ambalo halinunuliwi dukani. Sote tumekisikia kisa cha watu watatu wa Bani Israili waliotahiniwa: mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu. Twakisimulia kwa ajili ya shukrani, na ni sawa. Lakini yule mwenye upara alipoulizwa anataka nini, hakulalamika kwa maumivu; alilalamika kwamba watu wanamchukia kwa hali yake. Mtoto huyu naye haumwi kichwa. Anaumwa na mikono iliyomvuta ushungi. Tunawaomba walimu wa vyuo vyetu, kabla ya somo la kesho, wawaambie wanafunzi mambo mawili: kwamba maradhi haya hayaambukizi, na kwamba ushungi wa mwenzio ni sitara yake, hauguswi. Na wazazi wa watoto waliovuta, tusingoje kuulizwa. Tuwapeleke wetu nyumba hiyo wakaombe radhi.

Mama ametuandikia kwamba binti alikuwa amefika juzuu ya Tabaarak kabla ya kuacha. Tumemwomba mwalimu wake amfuate nyumbani jioni mbili kwa juma mpaka atakapokuwa tayari kurudi, naye ameitikia. Sentensi yetu ya miezi ile tumeiondoa katika nakala tunazohifadhi.